Santuri za Mashine Namba Nne

Boya la tangi likigonga mara tatu paani, najua maji yamefika. Mtaani kwetu Azcapotzalco, hapa Jiji la Mexico, maji huja kabla ya alfajiri, na usipoamka kuyapokea yanakwenda zake. Tak, tak, tak, kisha mlio mwembamba kama wa mtu anayejifunza kupiga mluzi. Siku ile nilikuwa tayari jikoni na ndoo zangu mbili wakati Yaretzi alipotoka chumbani, nywele zimemsimama, simu mkononi.

Yaretzi ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Amparo. Ana miaka ishirini na mitatu na husoma simu kabla hajanawa uso.

"Bibi, kaa kwanza."

"Nikikaa nani atajaza ndoo?"

"Nitajaza mimi. Wewe kaa."

Akaninyang'anya ndoo, akaiweka chini ya bomba, akanivutia kiti. Ndivyo alivyo huyu mtoto. Habari mbaya hakupi mpaka ahakikishe umekaa.

"Yule Baltazar wa santuri kanitumia kijitabu kitakachotoka pamoja na toleo jipya la ile santuri yako ya zamani. Kinakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu. Anataka tuangalie kama jina lako limeandikwa sawa."

"Limeandikwa sawa?"

"Lako liko sawa. Crescencia Olmedo, mwenye santuri. Shida ni huyu mwingine."

Akasoma taratibu, huku akiniangalia kila baada ya maneno machache: "'Muziki huu usingetufikia kama si uzembe wa mfanyakazi mmoja wa kiwandani, Otilia Barragán, aliyekuwa amelewa kazini. Kwa ulevi wake alichanganya lebo, akaweka waltzi za Siku ya Mama juu ya muziki wa roki, akafukuzwa kazi. Tunyanyue glasi kwa mlevi wetu mpendwa.' Halafu kuna mchoro, Bibi. Mwanamke kashika chupa, macho yamemlegea."

Ndoo ilijaa, ikamwagika sakafuni. Hakuna aliyefunga bomba.

"Bibi, unamjua huyu?"

"Namjua. Hajawahi kugusa kileo, hata kwenye harusi yake mwenyewe."

"Sasa kwa nini wanasema alikuwa mlevi?"

"Kwa sababu alisema mwenyewe," nikamjibu. "Funga bomba, mwanangu, nikueleze. Hata mama yako sijawahi kumweleza."

*

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka ishirini, na mimba ya Amparo ilikuwa na miezi saba. Baba yake alikuwa amevuka mpaka kwenda kaskazini kutafuta kazi, na barua zake zilikuwa zimekoma tangu Krismasi. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha santuri, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapa ninapoandika. Leo pale wanauza matairi.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Walinifungia kwenye chumba kidogo chenye dirisha la kioo, na hedifoni nzito masikioni. Katika kila santuri hamsini zilizotoka kwenye mashine, moja ililetwa kwangu. Nikisikia mkwaruzo au sauti inayoyumba, naandika "mbovu" kwenye karatasi ya zamu. Ikiwa nzuri, naandika "sawa" na herufi zangu mbili, C.O. Nilisikiliza harusi za watu wengine, misa, vichekesho, mariachi, nyimbo za watoto. Nilizisikiliza kama mtu anayechambua maharage.

Kisha ikaja ile ya vijana wa Humo de Martes, yaani Moshi wa Jumanne. Walikuwa wanne kutoka mitaa ya huku kwetu. Santuri waliipa jina la Maji ya Paani.

Ilianza na boya la tangi. Kweli kabisa. Kabla ya gitaa, kabla ya dramu, unasikia tak, tak, tak, na ule mluzi wa maji. Nilivua hedifoni nikaangalia dari, nikidhani bomba la kiwanda limepasuka. Nilipozivaa tena, dramu ilikuwa inaingia taratibu juu ya mlio ule wa boya, ikiufuata kama mtu anayemfuata mwenzake gizani kwa kusikiliza hatua zake. Halafu yule kijana akaanza kuimba, na akaimba kwa Kihispania.

Leo mtu atashangaa kwamba nilishangaa. Lakini siku zile vijana wote wa roki walijikaza kuimba Kiingereza ambacho nusu yao hawakukielewa. Huyu aliimba kwa maneno ya mama yangu. Aliimba habari za mwanamke anayefua nguo paani huku akizozana na jirani. Aliimba habari za basi lisilokuja. Na wimbo wa tatu ulikuwa wa viatu tu. Viatu vilivyobaki uwanjani asubuhi, baada ya watu kukimbizwa: cha kike chekundu, cha mtoto wa shule, cha mzee kisicho na kamba. Hakutaja uwanja gani wala mwaka gani. Hakumtaja askari hata mmoja. Alihesabu viatu, na gitaa likanyamaza baada ya kila kiatu. Katika mji huu hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Sijui muziki kwa kuusomea. Ninachojua ni kwamba siku ile sikuandika "sawa". Nilisahau kuandika. Nikaisikiliza tena toka mwanzo, na msimamizi akagonga kioo akidhani nimelala.

Otilia alikuwa kwenye mashine namba nne. Alinizidi miaka sita. Aliponiona naleta kipande kimoja cha mkate kwa chakula cha mchana, akaanza kuleta viwili vyenye maharage na jibini, na kila siku akasema amekosea kukadiria njaa yake. Alikosea kukadiria kwa miezi minne mfululizo.

Kwenye ukumbi wa mashine hakuna muziki unaosikika. Mvuke unapiga kelele, vyuma vinagongana, na watu wanaongea kwa mikono. Walioitengeneza santuri ndio waliokuwa hawajui ina nini ndani. Na Otilia nyumbani kwake hakuwa na kinanda cha kupigia santuri. Basi wakati wa chakula nilimwimbia. Sauti yangu ni mbaya, lakini nilipiga dramu kwenye kopo langu la chakula na gitaa nikaliigiza kwa mdomo.

"Hiyo ndiyo roki?" aliniuliza siku ya kwanza. "Inafanana na paka kwenye pipa."

"Subiri basi. Hujasikia wa viatu."

Nilipomwimbia wa viatu aliacha kutafuna. Mdogo wake Evodio alikuwa amekwenda uwanjani siku ile ya mwaka 1968, askari walipowafyatulia risasi wanafunzi. Alirudi usiku na kiatu kimoja. Hakuwahi kusema aliona nini, na baada ya mwezi akaondoka mjini moja kwa moja. Mama yao alikitunza kile kiatu kimoja juu ya kabati.

"Imba tena," akasema Otilia. Mkate wake ulikaa mapajani mpaka king'ora cha kurudi kazini kilipolia.

Haikupita hata wiki moja tangu santuri ziingie madukani, amri ikaja. Sikuona karatasi yenyewe, niliona tu sura ya msimamizi. Roki ilikuwa imeshachukiwa na wakubwa tangu lile tamasha kubwa la vijana la mwaka uliotangulia, na mtu fulani juu alikuwa ameusikia wimbo wa tatu. Zilizokuwa dukani zirudishwe. Zilizokuwa ghalani zitobolewe katikati, zisagwe, ziyeyushwe upya. Vyuma vya muhuri, vile vinavyochapa muziki kwenye plastiki, vifunguliwe, vikatwe. Tulikuwa mwishoni mwa Aprili, na kiwanda kizima kilikuwa kinakimbizana na Siku ya Mama na santuri zake za waltzi, zile dansi laini za kizamani.

Nilikaa kwenye chumba changu cha kioo nikaangalia wanaume wakizipeleka kwenye kinu kwa mikokoteni. Zilipasuka kama sahani.

Otilia alikuja dirishani kwangu akijifanya ananiletea santuri ya kusikiliza. Akafungua mlango kidogo.

"Chencha," akaniita, maana hakuwahi kuniita Crescencia kamili. "Vyuma vya wale paka wako bado viko kwenye mashine yangu. Fundi kaambiwa avifungue, lakini hafiki namba nne mpaka jioni."

"Na?"

"Na nina lebo za Waltzi za Mama jozi mia tatu na kumi na mbili pale mezani, zimekauka tayari. Ghalani wanaangalia lebo tu. Hakuna mwenye masikio humu ndani isipokuwa wewe."

Nilimwelewa palepale.

"Ukisema mbovu, basi mbovu," akaniambia. "Ukisema sawa, zinatoka. Sikulazimishi. Una tumbo."

Zikaletwa kwangu saba, moja baada ya nyingine. Kwenye lebo kulikuwa na maua ya waridi na maneno "Kwa Mama Yangu Mpenzi". Nikaweka sindano. Tak, tak, tak. Nikaandika: sawa, C.O. Mara saba. Ya saba niliificha chini ya gauni langu la mimba, na mpaka leo ninayo.

Tarehe kumi Mei, katika nyumba mia tatu za mji huu, watoto waliwawekea mama zao santuri ya waltzi, na mama zao wakasikiliza boya la tangi, kisha dramu. Wengine walizirudisha dukani wakifoka. Lakini wengi hawakuzirudisha. Ninapenda sana kuwafikiria hao wengi.

Tarehe kumi na tano tuliitwa ofisini kwa meneja. Karatasi ya zamu ilikuwa mezani, herufi zangu zikionekana mara saba.

"Nani alisikiliza?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Otilia akanitangulia.

"Huyu alisikiliza waltzi. Mimi ndiye niliyempelekea, za mashine namba mbili. Namba nne nilikuwa nimevuruga, nikaogopa kusema. Nilikuwa nimelewa, bwana."

"Umelewa? Wewe?"

"Toka asubuhi."

Aliniangalia mara moja, akaangalia tumbo langu, basi. Wakampa barua siku hiyo hiyo. Barua yenye neno "ulevi" haimpatii mtu kazi kwenye kiwanda kingine chochote. Alifua nguo za watu miaka thelathini.

Na mimi nilinyamaza. Amparo akazaliwa Julai, nikiwa na kazi, na daktari wa kiwanda.

Yaretzi alisikiliza yote akiwa amechuchumaa mbele yangu, mikono yake juu ya magoti yangu. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Unakumbuka jinsi lebo zinavyowekwa?"

"Kwa nini nisikumbuke?"

"Basi Jumamosi utamwambia yule Baltazar. Mbele ya watu."

*

Soko la Jumamosi liko nyuma ya stesheni ya Buenavista. Watu huja na santuri, kanda na fulana, wabadilishane. Wengi wamevaa nyeusi tupu, na vyuma puani. Ukiwaona kwa mbali unaweza kushika mkoba wako vizuri. Mimi, mwanamke mmoja mwenye nywele za kijani na fuvu lililochorwa shingoni alinipa kigoda chake bila kuombwa, na akasimama upande wa jua ili kivuli chake kiniangukie. Alisimama hivyo kama saa nzima.

Baltazar Quiñones ni mtu mnene wa miaka sitini, mkia wa nywele za mvi mgongoni. Ndiye anayetoa toleo jipya kwa nguvu zake mwenyewe. Kanda za asili zilipotea zamani, na santuri yake ya akina mama, kama wanavyoziita pale sokoni zile zenye lebo ya waltzi, inaruka kwenye wimbo wa kwanza. Ndiyo maana alinihitaji. Yangu imepigwa mara chache, na imelala miaka yote ndani ya foronya.

Alishika kipaza sauti akaeleza habari za Maji ya Paani, na sitamdhulumu, alieleza vizuri. Alisema kila chombo mle ndani kinasikika kama kipo chumba cha jirani. Alisema mpiga gitaa aliogopa kupiga sana, na hofu ile ndiyo iliyoufanya muziki upumue. Nilitikisa kichwa kukubali. Kisha akafika kwa mlevi wetu mpendwa, akaigiza mtu anayeyumba akitafuta mashine, na watu wakacheka.

"Na sasa," akasema, "mwenye santuri yenyewe, Doña Crescencia!"

Yaretzi alinishika kiwiko mpaka kwenye kipaza sauti, halafu akaniachia.

"Mwanangu," nikamwambia Baltazar, "umeona santuri ngapi za akina mama maishani mwako?"

"Kumi na nne, Doña. Hakuna aliyeona nyingi zaidi yangu."

"Ngapi lebo yake imeteleza upande? Au ina mkunjo?"

Akafikiri. "Hakuna. Hata moja. Zote zimekaa katikati kabisa. Ni santuri safi kuliko zote zilizotoka kile kiwanda, kila mtu hapa anajua."

"Na zile za kawaida za miaka hiyo?"

"Aa, za kawaida! Katika kila tano moja imepinda."

"Basi sikilizeni jinsi ilivyokuwa. Lebo haibandikwi baadaye. Unaweka moja chini, juu yake donge la plastiki la moto kama tamali la unga wa mahindi lililotoka jikoni, na nyingine unaiweka juu. Mkono unaingia kwenye mdomo wa mashine na kutoka kabla haujafunga. Kisha unarudia. Sasa mlevi afanye hivyo mara mia tatu na kumi na mbili, lebo zote ziwe katikati." Nikainua mikono yangu. "Atabaki na vidole vingapi?"

Walicheka tena, lakini sasa walicheka upande wangu. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Mzee Balta, umepigwa!"

Baltazar akawa mwekundu. Alitoa karatasi iliyofunikwa na plastiki. "Kwa heshima zote, Doña wangu, nina barua ya kumfukuza. Ulevi kazini. Imeandikwa alikiri kwa mdomo wake."

"Alikiri, kweli. Nilikuwa nimesimama pale. Hakukosea chochote, alifanya makusudi, na mimi nilizipitisha nikijua. Herufi C.O. ni mimi. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, akajiita mlevi ili nisifukuzwe. Mtoto mwenyewe ndiye mama wa huyu binti hapa. Mimi nikanyamaza."

Soko lile halinyamazi kamwe, pana spika ishirini kila mahali. Lakini mwenye spika ya karibu nasi akaizima.

"Nimeisimulia hivi miaka thelathini," akasema Baltazar, polepole.

"Umekosea miaka thelathini. Mimi nimenyamaza zaidi ya hamsini. Wewe una nafuu."

"Watu wanaipenda hadithi ya mlevi, Doña. Inachekesha."

"Wacheke kingine. Serikali nzima ilisema muziki huu usiwepo. Mwanamke mmoja, mwenye mshahara wake wa wiki tu, akasema utakuwepo. Na nyinyi mnaovaa nyeusi na kujiita wakaidi mnamchora na chupa?"

Nikairudisha santuri kwenye foronya. "Sina hasira nawe, mwanangu. Lakini hii haitoki humu mpaka jina la Otilia liwe safi. Toa toleo lako na ile yako inayoruka."

Tukaondoka. Watu walitupisha njia, na yule wa nywele za kijani akapiga makofi peke yake, halafu wengine. Tulikuwa tumefika kwenye kona ya kituo cha treni ya chini ya ardhi Baltazar alipotufikia, anahema, jasho limemlowesha fulana. Alikuwa amebeba kinanda kidogo cha santuri, kile cha kufunga kama sanduku.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai. Yuko Neza."

"Ana kinanda?"

"Hajawahi kuwa nacho. Hajawahi hata kuisikia hiyo santuri."

Hilo lilimgonga kuliko yote. Aliangalia chini, kisha akamkabidhi Yaretzi lile sanduku. "Mpelekeeni. Mkamuulize aandikwe nini. Nitaandika neno kwa neno. Mpiga chapa anaanza Jumatatu saa mbili asubuhi, nitamsimamisha mpaka mnipigie." Akasita. "Naweza kuja?"

"Siku nyingine, mwanangu. Kesho nina deni langu la kuomba radhi, na hilo haliendi na wageni."

*

Nilikuwa najua anakokaa. Miaka yote nilijua. Mara ya mwisho tulionana kwenye mazishi ya mumewe, miaka kumi na moja iliyopita, na hata pale nilimshika mkono nikatoka haraka. Kila nilipomwona Amparo anakua vizuri, Otilia alizidi kunikalia kifuani, na mimi nikazidi kutokwenda. Sina maelezo bora kuliko hayo.

Alifungua mlango mwenyewe. Amekuwa mdogo, na mkono wake wa kulia bado una alama za kuungua za ile mashine.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe."

"Mimi nilianza mapema. Huyu nani? Usiniambie ni wa lile tumbo."

"Wa lile tumbo ni mama yake."

"Ala!" Akamshika Yaretzi kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nyanya. "Una njaa wewe. Ingia. Nina maharage, nimekosea kukadiria."

Nilishughulika na mkoba wangu mpaka macho yakakauka.

Tulipokwisha kukaa nikamweleza yote, kijitabu, soko, yule Baltazar mnene, nilichosema. Nilitegemea ataniambia asante. Akaweka kijiko chini.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Ule uongo ulikuwa wangu, Chencha. Niliutunga mwenyewe, nikakupa. Mtu harudishi zawadi mbele ya watu sokoni."

"Nimekaa nayo sana. Imenichosha."

"Ningekuwa nataka useme, si ningekuja kugonga kwako?"

"Walikuchora na chupa, Otilia."

"Chupa ya nini?"

Yaretzi akamwonyesha kwenye simu. Otilia akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Hata haifanani," akasema. "Mimi nilikuwa na kiuno." Halafu akasoma maneno: "Mjinga huyu kaandika 'uzembe'. Uzembe! Mie? Namba nne?" Hilo la uzembe ndilo lililomuudhi. Ulevi alikuwa amekwisha kuuzoea.

Yaretzi alifungua lile sanduku juu ya meza, akapangusa santuri kwa pindo la fulana yake, akaweka sindano.

Tak, tak, tak.

Otilia akaruka. "Maji! Maji Jumapili mchana? Binti, kimbia, ndoo iko nje!"

"Kaa, ni santuri," nikasema.

"Ni santuri?"

"Ndivyo inavyoanza. Nilikuambia."

"Uliniambia kwa kopo! Nitajuaje?"

Dramu ikaingia taratibu, ikilifuata boya. Otilia alikaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani. Kwenye wimbo wa mwanamke anayefua alicheka mara mbili. Kwenye ule wa basi alisema yule kijana anaimba kama ana mafua. Kisha ukaja wimbo wa tatu. Kiatu cha kike chekundu. Kimya. Cha mtoto wa shule. Kimya. Aliinua ule mkono wenye alama, na katika kila kimya akagusa meza kwa kidole kimoja, pale pale gitaa linapokaa kimya, bila kukosea. Alikuwa bado anaukumbuka kutoka kwenye kopo langu.

Upande wa kwanza ulipokwisha sindano ikawa inazunguka bure, na hakuna aliyeinua.

"Uliniimbia haraka mno," akasema mwisho. "Huyu hana haraka."

"Nilikuwa nakimbizana na king'ora."

"Mm." Alijifuta uso kwa kiganja chote, kama anayenawa. "Haya, binti, andika. Yule mnene anasubiri."

Yaretzi akashika simu.

"Andika: Otilia Barragán, mashine namba nne. Santuri mia tatu na kumi na mbili, hakuna lebo hata moja iliyoteleza. Makusudi." Akafikiri. "Na chini yake: Crescencia Olmedo alisikiliza, akasema sawa. Basi. Na ile chupa waifute. Wakitaka kuchora wachore kiatu."

Yaretzi alimpigia Baltazar palepale. Tulimsikia upande wa pili akirudia kila neno akiandika, na aliuliza mara mbili kama "makusudi" iwe kwa herufi kubwa.

"Kubwa," akasema Otilia. "Waione wasiovaa miwani."

Nikasimama kugeuza santuri. Otilia akaniwekea mkono juu ya wangu.

"Acha. Upande wa pili usiniwekee leo."

"Hutaki?"

"Nataka. Kinanda kibaki, kama yule mnene hana neno. Santuri ondoka nayo." Akaanza kufunga maharage yaliyobaki kwenye bakuli, akafunika kwa kitambaa, akanisukumia. Hakuniangalia. "Jumapili ijayo uje, na bakuli langu ulirudishe. Uje, Chencha. Usikae miaka kumi na moja mingine kwa ajili ya kugeuza santuri."